Paroko wa Bujora na Vyungu vya Lyulilo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniandikia barua ikinitaka niseme juu ya mtu mmoja ambaye naona nina deni la shukrani kwake. Barua ilikuwa fupi, nami naishukuru kwa ufupi wake, kwa sababu haikunifunga mikono. Wenzangu walionitangulia katika mikutano iliyopita waliwataja walimu wetu, nao walistahili. Mimi nimemchagua padre. Naona baadhi yenu mnatazamana. Pwani hii yetu tangu zamani ni ya Wamoraviani na Walutheri. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wa Berlin wakateremka mpaka Matema hapa na Ikombe katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Wakatoliki walikuja kujipanga baadaye. Walipata makao yao ya uongozi Tukuyu mwaka 1932, Jimbo la Mbeya likaundwa mwaka 1953, na mwaka 2018 likafanywa Jimbo Kuu. Nyumbani kwetu sisi ni Walutheri, na bado ni Walutheri. Basi msidhani nimekuja kuwahamisha kanisa.

Tena padre huyu hakuwa wa Kyela wala wa Tukuyu. Alikuwa paroko wa Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita ishirini kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya kwenda Musoma. Alifariki miaka ya 1980, mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, hivyo sikupata kumwona kwa macho. Jina lake ni Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, wa shirika la Mapadre Weupe. Wasukuma walimwita Fumbuka, na ukitaka kuulizia habari zake kule kwao ni heri utumie jina hilo.

Nilimjuaje? Nilipomaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam serikali ilinipangia kazi Mwanza. Mtu wa Ziwa Nyasa akapelekwa Ziwa Viktoria. Wenzangu walisema nimebadilishiwa maji tu. Nilikuwa mgeni, lugha siijui, na samaki wao, kwa maoni yangu ambayo sijayabadili hata leo, hamfikii mbasa. Jumapili moja wenzangu wa ofisini walinichukua kwenda kutazama Makumbusho ya Kisukuma pale Bujora. Nilikwenda kwa kupoteza siku. Nilirudi na mambo ya kufikiri ambayo hayajaniacha mpaka leo.

Kitu cha kwanza unachokiona pale ni kanisa. Ni la mviringo, mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake zimo alama za utemi, kwa maana padre yule alifikiri kwamba ukitaka kumwambia Msukuma kuwa Kristo ni mfalme, mwonyeshe enzi anayoijua yeye. Ukitoka kanisani unakuta majumba ya makumbusho. Mojawapo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, ndimo zilimo ngoma na vitu vya watemi. Liko la uganga na dawa, liko la vyama vya wachezaji ngoma, uko uhunzi, na yako makazi ya Kisukuma yenye vyombo vya kila siku: mawe ya kusagia, vinu, vibuyu, na vyungu. Naam, vyungu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko wenzangu, na baadaye nitawaeleza kwa nini.

Wanafunzi, hebu tazameni tarehe, maana bila tarehe jambo hili halionekani ukubwa wake. Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Padre Clement alianza kazi yake Bujora mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kanisa lilikuwa na umri wa miaka sabini hivi katika nchi ile, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo misa ilisomwa kwa Kilatini, na ngoma ya mwenyeji ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya uzio wa misheni. Kwetu huku haikuwa tofauti. Wazee mliopo hapa mnajua kwamba Mkristo aliyeonekana kwenye ngoma aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango wa lugha za watu na nyimbo zao kanisani, ulianza mwaka 1962, na tamko lake juu ya ibada likatoka Desemba 1963. Paroko wetu alikuwa ameanza miaka kumi kabla. Hakungoja waraka. Sisi watumishi wa serikali tunaojua maana ya kungoja waraka tunaelewa alichokifanya.

Alianzaje basi? Kwa kuuliza. Aliunda pamoja na wenyeji kamati ya kutafiti mila na historia ya Wasukuma, akakaa na wazee, na waganga, na mafundi wa ngoma, na watu wa koo za watemi. Jambo hili laonekana dogo, lakini fikirini: padre ni mtu wa kufundisha. Amesomeshwa miaka mingi ili afundishe. Watu wanamjia wakiwa tayari kufundishwa. Kisha yeye anakaa kwenye kigoda na kumwuliza mganga wa kienyeji, mtu ambaye misheni nyingine isingemkaribisha hata barazani: kitu hiki kinaitwaje, kinafanya kazi gani, nani alikurithisha? Mtu aliyeulizwa namna hiyo hurudi kwake akiwa na kimo kingine.

Halafu ikaja mwaka 1963. Sheria ilifuta mamlaka ya machifu na watemi katika nchi nzima. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami nasema kwamba sheria ile ilikuwa na sababu zake. Nchi changa haikuweza kuwa na mabwana wawili. Lakini mtemi akiisha kuondolewa, ngoma yake inakwenda wapi? Kiti chake, ngao yake, mikuki yake? Ngoma iliyokosa mtu wa kuiamrisha ipigwe huwa ni mzinga tu wa mti na ngozi. Mchwa huila. Au huja mnunuzi, akaipakia ndani ya gari, nayo ikaenda kuning'inizwa ukutani Ulaya. Vitu vya utemi wa Usukuma vilipata mahali pa kwenda, kwa kuwa palikuwa na paroko ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameaminiwa. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Usidhani watu huleta ngoma ya babu yao kwa mtu kwa kuwa ana jumba zuri. Huileta kwa kuwa wanamjua.

Na sikukuu ile ya Bulabo nayo niwaeleze, maana vijana mtaipenda. Bulabo ni maua. Ni sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni kwa kawaida, ambapo njia ya maandamano hutandazwa maua. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanasema vilianzishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliogombania ni nani mwenye dawa kali zaidi. Badala ya kupigana walishindanisha wachezaji, na aliyevuta watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Mpaka leo hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Umati ndio mwamuzi: watu wakikimbilia upande wa pili, umeshindwa. Hivyo kila upande huleta vituko vya kila namna ili usiachwe peke yake uwanjani. Mimi nimeona kwa macho yangu mtu akicheza na chatu shingoni, na wamama wenye rozari mkononi wakisukumana ili waone vizuri. Asubuhi misa na maandamano, mchana Bagika na Bagalu. Paroko aliyeruhusu vitu hivyo viwili vikae katika siku moja alijua watu wake ni nani.

Sasa najua yako maswali, na ndugu yangu mmoja wa darasa letu aliniuliza jana usiku tulipokuwa tukila usipa pale ufukweni. Alisema: je, padre huyo hakuwa anatafuta waumini tu? Si alichukua ngoma ya watu akaifanya chambo? Nilimjibu hivi. Ndiyo, alitaka kubatiza. Alikuwa padre, hakuwa afisa utamaduni, na hakulificha jambo hilo. Kanisa lenyewe lipo pale katikati. Lakini chambo mvuvi hukitupa majini, hajengi nyumba ya kukihifadhi. Pale Bujora anaingia Mkatoliki, Mwislamu, na mtu asiye na dini yoyote, anakuta uganga wa babu yake umewekwa bila kubandikwa neno la kuudharau. Swali la pili alilouliza lilikuwa gumu zaidi, nami silimalizi leo: kwa nini alihitajika mtu wa Quebec kuja kuwaambia Wasukuma kwamba vitu vyao vina thamani? Kwa kweli wenyewe walikuwa wakijua. Wazee wasingejua, wasingekuwa na cha kumwambia. Waliokuwa hawajui ni sisi tuliokwenda shule.

Hapo ndipo ninapofika Lyulilo.

Wote mnajua soko la Jumamosi. Kutoka hapa unatembea tu kando ya ziwa, milima ya Livingstone ikiwa imekuinamia kushoto, hata unafika. Mitumbwi inatoka Ikombe imejaa vyungu vilivyopangwa na kufungwa kwa majani visigongane, wanashuka akina mama wa Kikisi, na kabla jua halijawa kali vyungu vimekwisha panda magari kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya, na vingine vinakwenda mbali zaidi. Mama yangu ni mmoja wa wanawake hao. Aliolewa Lyulilo kutoka Ikombe, na ada yangu ya shule hii ililipwa kwa udongo. Mhasibu wa wakati huo anaweza kushuhudia kwamba noti zangu zilikuwa na vumbi jeupe.

Nimemtazama akifinyanga tangu sijajua kusoma. Hakuna gurudumu la mfinyanzi. Udongo unachimbwa, unatwangwa, unatolewa mawe, unalowekwa, unakandwa kama unga wa mkate. Kisha mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje, na chombo kinazungushwa taratibu mpaka tumbo lake linajitokeza. Kinakwanguliwa, kinasuguliwa kwa kijiwe laini, kinapakwa rangi za udongo, nyekundu na nyeupe, kinakaushwa kivulini siku kadhaa, halafu kinachomwa moto mahali pa wazi. Upepo wa ziwa ukibadilika ghafla siku hiyo, kazi ya wiki nzima inaweza kupasuka. Mnunuzi mjuzi hukigonga kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Na kila mama ana mapambo yake. Mama yangu akisimama mbele ya vyungu mia, atakuambia hiki cha fulani, na hiki ni cha mkwe wa fulani aliyefundishwa naye.

Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote mlichopewa. Na ndoo ya plastiki imekwisha fika. Siichukii ndoo ya plastiki, ni nyepesi, haivunjiki, mwanangu wa miaka saba anaweza kuibeba. Sufuria nayo haina ubaya. Lakini naona mabinti wa Ikombe wanaokaa karibu na mama zao siku ya kufinyanga wanapungua, na sababu mojawapo ni shule, yaani sisi. Tumewafundisha watoto kwamba mwenye akili ni yule aliyetoka kijijini akaenda ofisini. Vyungu bado viko, soko bado liko, mitumbwi bado inakuja. Ndiyo maana nasema sasa, ngoma haijaanza kuliwa na mchwa.

Mtaniambia kwamba mambo ya Unyakyusa yameandikwa. Kweli, na vizuri sana. Godfrey na Monica Wilson walikuwa huku kati ya mwaka 1934 na 1938, na Bibi Monica baada ya kufiwa na mumewe aliandika vitabu vilivyotoka mwaka 1951, 1957 na 1959. Humo utamkuta Lwembe, utazikuta mila za ndoa na mazishi, na utasoma habari za Kyala na mahali pake patakatifu, pwani hii hii yetu upande wa Wakisi. Wanafunzi, jina mnalomwitia Mungu kila Jumapili kwa Kinyakyusa, Kyala, lilikuwa na makao hapa jirani kabla ya Biblia kufika. Wamisionari wa kwanza walilichukua jina lile, nalo likakubali. Kwa hiyo wazo la Padre Clement si geni kwetu kama mnavyofikiri. Ila vitabu hivyo vya Wilson nilivisoma Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu, kwa Kiingereza, wajukuu wa watu walioulizwa wakiwa hawana hata nakala moja. Simlaumu mwandishi, alifanya kazi ya mwanachuoni. Lakini tofauti naiona. Yeye aliuliza akaondoka na majibu. Paroko wa Bujora aliuliza, na majibu yakabaki kijijini kwa wenyewe, mahali ambapo mtoto wa Kisesa anaweza kwenda kwa miguu.

Deni langu kwake ni hilo. Niliposimama mbele ya vile vyungu vya Kisukuma, vilivyokuwa vya kawaida kabisa, na kwa ufundi, wenyewe wanisamehe, havifikii vya Ikombe, niliona vimewekwa kwa heshima ileile iliyopewa ngoma ya mtemi. Mwanamke aliyevifinyanga alikuwa amehesabiwa katika historia. Likizo ile nilirudi nyumbani na daftari, nikakaa na mama yangu siku nne, nikimwuliza kama anayeulizwa mtaalamu. Siku ya kwanza alicheka. Alidhani serikali imenituma kuja kuweka ushuru. Siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akinikemea niandike upesi.

Daftari lile lina kurasa arobaini na tatu, na ni la mama mmoja tu. Ikombe wako wengi, na baadhi ni wazee kuliko yeye. Mimi kazi yangu iko mbali, narudi mara moja au mbili kwa mwaka. Ninyi mliopo hapa bwenini kila Jumamosi mnaipita mitumbwi ile mkienda kununua maandazi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, pamoja na maneno nimekuja na jambo la kazi, nalo nimekwisha lizungumza na Mkuu wa Shule asubuhi ya leo. Kile chumba kilichokuwa stoo ya majembe, karibu na darasa la Kidato cha Pili, kimekubaliwa kutolewa. Paa lake linavuja upande wa ziwa, na wenzangu sita wa mwaka wetu tumechanga mabati na misumari. Mwalimu wa historia atapanga wanafunzi wawili wawili, kila jozi na mama mmoja mfinyanzi, na lugha ya kuuliza iwe Kikisi au Kinyakyusa, Kiswahili kitakuja wakati wa kunakili. Chungu kinachoingia chumbani kinunuliwe kwa bei ya soko. Padre Clement alipewa vitu kwa sababu alikuwa mgeni aliyeaminiwa. Sisi ni watoto wa nyumbani, tukianza kuomba bure tutaitwa wezi. Na kila chungu kiandikwe jina la aliyekifinyanga, kwa herufi kubwa, kabla ya jina la kijiji na tarehe.

Vitatu vya kwanza viko ofisini kwa Mkuu wa Shule, vimefunikwa kwa kanga: kimoja cha maji, kimoja cha kupikia, na kimoja kidogo ambacho mama anasema ni cha kujifunzia, alikifinyanga na mjukuu wake mwezi uliopita na kimepinda. Amesisitiza kiwekwe hicho hicho kilichopinda. Mtumbwi wa kwanza Jumamosi ijayo utafika kabla ya saa moja asubuhi, na wanafunzi wanne wamekwisha jiandikisha. Mwalimu anatafuta wengine wawili wasioogopa kulowa miguu.